Toleo moja, bei tatu: bei halali ya katuni za zamani hapa Dar inapatikanaje?

#1 KabatiLaKale
Wakuu, salaam.

Kuna mkusanyiko wa nakala 62 za katuni za zamani unatafutiwa mnunuzi hapa mjini. Nyingi ni Sani, gazeti la katuni la hapa nchini, za miaka ya 80, zipo komiki chache za Marekani, na albamu (vitabu vya katuni) mbili za Tintin za jalada gumu. Kwa toleo moja la Sani zimetajwa bei tatu ndani ya wiki moja: duka la Kariakoo linatoa 3,000, muuza vitabu vya mitumba Posta anatoa 15,000, na mtu wa Tegeta mwenye nakala yake anasema kwa simu anauza 60,000 na "hana haraka". Gazeti ni lile lile, namba ya toleo ni ile ile.

Hoja yangu ni kwamba katuni za zamani hapa Dar hazina bei. Muuzaji anataja anachokitamani, mnunuzi anapima njaa ya muuzaji, anayechoka kwanza ndiye anaumia. Kama kuna mwenye njia ya kupata bei ambayo wote wawili wataikubali kwa moyo mweupe, aiweke hapa kwa hatua na hesabu.

#2 MtaaWaSaba
Nakaa mstari wa mbele. Uzi huu ulikuwa unadaiwa.

#3 MzaniWaKaratasi
Mkuu Kabati, hapo hakuna bei tatu. Zipo ofa mbili na tamaa moja. Bei ni pale pesa imetoka mfuko huu ikaingia ule na gazeti likaondoka. Mtu wa Tegeta anaweza kutaja 60,000 hadi karatasi iwe vumbi.

Kwa komiki za Marekani kazi ni nyepesi. Ukiingia eBay, soko la mtandaoni, usitazame zilizopangwa kuuzwa, chuja zilizokwishauzwa. Kumbukumbu za mnada za Heritage, kampuni ya minada ya Marekani, nazo zipo wazi ukijisajili. Chukua mauzo yasiyopungua matano ya hali inayofanana na nakala yako, ya miezi sita ya karibuni. Yapange kutoka dogo hadi kubwa, shika la katikati. Usitafute wastani, maana nakala moja iliyopandishwa na watu wawili wenye hasira mnadani inaharibu hesabu yote. Mauzo ya 40, 45, 48, 50 na 190 yana wastani wa karibu 75, na hakuna hata mmoja aliyelipa kitu karibu na 75. La katikati ni 48.

Kwa Sani na ndugu zake hakuna anayeandika. Hiyo ndiyo sababu ya bei zako kutawanyika: soko halina daftari. Wenye kununua na kuuza hapa jamvini waanze kuandika mambo sita tu. Tarehe, jina la gazeti, namba ya toleo, hali, kiasi kilicholipwa, na kama ilikuwa moja moja au fungu. Jina la mtu halihitajiki.

#4 FundiJalada
Nakubaliana na Mzani kuhusu daftari, lakini daftari bila kupima hali ni kazi bure. Kabati anasema gazeti ni lile lile. Si lile lile. Nakala mbili za namba moja ni vitu viwili tofauti, na ukiziweka mezani pamoja sababu ya bei tatu inaonekana kabla hujafungua mdomo.

Kupima kunafanyika hivi. Meza safi, mwanga wa dirishani, mikono mikavu isiyo na mafuta. Glovu za kitambaa achana nazo, zinanasa kwenye kingo za karatasi na kuzichana.

Anza na jalada. Liinamishe kidogo mwanga upite kwa ubavu, mikunjo yote itajitokeza. Tenga mkunjo uliovunja rangi ukaacha mstari mweupe na mkunjo ambao haukuvunja. Wa kwanza unashusha bei zaidi na haurudi. Hesabu vimistari vya mgongoni vinavyotokana na kufungua gazeti kwa nguvu.

Kisha pini. Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, pini ndiyo inaanza kufa. Kutu kwenye pini peke yake ni kasoro ndogo. Kutu iliyohamia kwenye karatasi ni kubwa, kwa sababu sehemu hiyo imeoza na itakatika jalada likivutwa. Angalia pia matundu. Yakiwa mapana kuliko miguu ya pini, au yamezidi manne ambapo pini ni mbili, pini zimebadilishwa na ndani huenda karatasi zimechanganywa kutoka nakala nyingine.

Halafu hesabu kurasa, na hili wengi wanaliruka. Gazeti la kushonwa kwa pini katikati linajengwa kwa karatasi zilizokunjwa, kila moja kurasa nne. Komiki ya kawaida ya Marekani ni kurasa 32 za ndani, yaani karatasi 8, pamoja na jalada lenye kurasa 4, jumla 36. Karatasi ya katikati kabisa inachomoka kirahisi, na ikichomoka hadithi inaruka kurasa nne huku gazeti kwa nje likionekana zima. Usiamini namba zilizochapwa pembeni peke yake. Soma sentensi ya mwisho ya kila ukurasa wa kushoto uone kama inaendelea kulia.

Mwisho karatasi yenyewe. Karatasi ya magazeti ina asidi na inajichoma polepole: nyeupe, kisha rangi ya maziwa, kisha hudhurungi, kisha inakatika kama kaukau. Usiipime kwa kukunja kona. Fungua ukurasa taratibu uisikilize. Ikitoa mlio mkavu na kuacha chembe mezani, imefika mwisho.

#5 BintMagomeni
Fundi, Mungu akuzidishie. Na fumbo la maneno lililojazwa kwa kalamu linahesabiwaje? Sani nyingi mitaani zina majina ya watu jaladani, simu za mezani, hata hesabu za duka.

#6 FundiJalada
Dada, maandishi ya kalamu ndani ya fumbo ni kasoro ya kati. Nakala ni kamili, haikupoteza kitu. Kuponi iliyokatwa kwa mkasi ni habari nyingine, hapo nakala imepungua, na mara nyingi nyuma ya kuponi kuna picha ya hadithi iliyoondoka nayo.

Mfano maarufu ni komiki ya Marekani, The Incredible Hulk namba 181 ya Novemba 1974, ambamo mhusika Wolverine anaonekana kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza. Ndani kuna stempu ndogo ambayo wasomaji waliambiwa waikate na kuibandika kwenye kitabu cha stempu. Jalada linaweza kung'aa kama jipya, lakini stempu ikikosekana bei inaanguka vibaya mno. Anayenunua hiyo bila kufungua ukurasa wa stempu ananunua jalada.

Jina la mtu jaladani: dogo na pembeni, linavumilika. Likiwa usoni mwa mchoro, shusha.

#7 KijanaWaTandika
Kitu kimoja mnasahau. Sani zinazotakiwa ni zile za mwanzo zenye mhusika Chakubanga. Hizo hata zikiwa hazina jalada ni pesa. Anayeuza atenge hizo kwanza.

#8 MzeeMagazeti
Kijana wangu, pole kwa kukukatiza. Chakubanga hakuzaliwa Sani. Ni kazi ya Christian Gregory, na nyumba yake ilikuwa gazeti la Uhuru. Wa Sani ni kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Kipepe. Na mwingine asije akamleta Juha Kalulu hapa, huyo ni wa Edward Gitau kwenye gazeti la Taifa la Kenya.

Makosa haya yanagharimu pesa. Mtu akiuza "Sani yenye Chakubanga" na mnunuzi akalipia jina, siku ya kugundua hakuna wa kumrudia.

Kinachofanya namba fulani za Sani ziulizwe zaidi ni mkono wa Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana. Wahusika waliendelea kuchorwa na wengine baada yake. Kwa hiyo kumwona Lodi Lofa jaladani hakukuhakikishii kitu. Tazama saini ndani ya mchoro, na tarehe.

#9 KijanaWaTandika
Nimepokea, Mzee. Shikamoo na asante.

#10 MzeeMagazeti
Marahaba. Endelea kuuliza.

#11 DalaliWaKurasa
Mimi nasimama upande wa duka, upande ambao wote mnaurushia mawe. Yule wa Kariakoo aliyesema 3,000 huenda hakuwa mwizi. Mnapima hali, mnaandika madaftari, lakini hamjauliza gazeti likishanunuliwa litakaa rafuni miezi mingapi.

Anayenunua ili auze tena anabeba mambo manne: pesa kulala, unyevu kula mali, kodi ya fremu, na nakala ambazo hazitauzwa kamwe. Nje ya nchi pia wafanyabiashara wa komiki hawalipi bei ya reja reja. Kwa kitu kinachotoka haraka wanaweza kulipa nusu au zaidi kidogo, kwa kinachosuasua robo, na cha kawaida wanakipima kwa boksi.

Nakala 62 za Kabati nazigawa mafungu matatu. Namba hizi ni mfano wa hesabu, si bei ya mali yake.

Fungu la kwanza, zinazoulizwa: 4, reja reja tuseme 40,000 kila moja, jumla 160,000.
Fungu la pili, kamili na safi: 20 kwa 8,000, jumla 160,000.
Fungu la tatu, zilizochoka: 38 kwa 1,500, jumla 57,000.

Reja reja yote ni 377,000. Muuzaji anaisikia hiyo na kuishika moyoni. Lakini anayechukua zote kwa mkupuo atalipa asilimia 60 ya fungu la kwanza, 40 ya la pili, 20 ya la tatu: 96,000 na 64,000 na 11,400. Inakuja 171,400. Hapo hakuna aliyedhulumiwa. Muuzaji amepewa pesa leo, na kazi ya miaka miwili imehamia kwa mwingine.

Dhuluma ni mnunuzi kutoa 171,400 huku akijua ndani ya fungu la tatu kuna moja ya laki tatu na kunyamaza.

#12 BintMagomeni
Dalali umenena, ila hiyo sentensi ya mwisho ndiyo mzigo wote. Anayejua zaidi anawajibika kusema kiasi gani? Wapo wanaosema elimu yake ni mtaji wake.

#13 DalaliWaKurasa
Dada, elimu ni mtaji ukiitumia kuchagua rafuni kwa mtu ambaye mwenyewe ameshaandika bei. Mtu akikuuliza "hizi zina thamani gani?", umegeuka mshauri. Ukidanganya hapo hujafanya biashara.

#14 MzaniWaKaratasi
Hapo siafikiani nawe, Dalali. Asilimia zako zinaanza na reja reja ya 40,000. Nani ameilipa? Lini? Bila mauzo matatu yaliyoandikwa, asilimia 60 ya kitu kisichojulikana ni kitu kisichojulikana.

#15 DalaliWaKurasa
Na ukisubiri mauzo matatu ya Sani ya namba moja iliyo safi, mkuu, utasubiri hadi pini zote ziwe kutu. Soko la watu wachache linapimwa kwa ofa. Piga simu kwa wanunuzi watatu wasiofahamiana, kila mmoja aone picha zile zile, ofa ya pili kwa ukubwa ndiyo bei yako.

#16 MtaaWaSaba
Mzani na Dalali wakikutana kahawani, mwenye kahawa atafunga saa nane usiku.

#17 Kurasa36
Nirudi kwa komiki za Marekani, maana kuna watu wanatafuta bei ya nje, wanazidisha kwa dola ya leo, wanamtajia mnunuzi wa Sinza. Hiyo si bei ya hapa. Bei ya nje inakupa dari na sakafu.

Chukua nakala ambayo mauzo ya katikati nje ni dola 100, na kuisafirisha ni dola 25. Mnunuzi wa Dar akiitaka kutoka nje atatoa 125, bado ushuru na kodi kama vipo. Hiyo ni dari, juu ya hapo ni heri aagize. Muuzaji wa Dar akiamua kuipeleka nje kwa mtu atakayelipa 100 kwa yote, atatoa usafiri 25, inabaki 75, kisha ada ya jukwaa tuseme asilimia 13, yaani 9.75. Mkononi 65.25. Hiyo ni sakafu, chini ya hapo ni heri aipeleke. Katikati ya 65 na 125 ndipo pa kusalimiana.

#18 MzaniWaKaratasi
Hesabu nzuri, sahihisho moja. Ada ya eBay inakatwa kwenye jumla anayolipa mnunuzi, usafiri ukiwemo. Kwa hiyo ni asilimia 13 ya 100, si ya 75. Toa 13 na 25, mkononi inabaki 62.

#19 Kurasa36
Kweli, ni 62. Asante.

Na sakafu inashuka zaidi kwa sababu ya uaminifu. Mnunuzi wa Ohio hamjui muuzaji mpya wa Temeke. Ndiyo maana nakala za bei kubwa hupelekwa CGC kupimwa. Kampuni hiyo ilianza 2000, inatoa gredi kuanzia 0.5 hadi 10, na inafunga nakala kwenye kasha gumu la plastiki. Soma rangi ya lebo kabla ya kusoma namba. Bluu ni ya kawaida. Zambarau maana yake imefanyiwa marekebisho. Kijani ina kasoro ya pekee iliyotajwa pale pale. Njano ni saini iliyowekwa mbele ya shahidi wao. Watu wananunua 8.0 ya zambarau kwa bei ya 8.0 ya bluu kwa kutoijua rangi tu.

Kupeleka kutoka Dar kunalipa? Jumlisha usafiri wa kwenda na kurudi, bima, na ada ya kupimwa. Kama tofauti kati ya bei ya nakala iliyopimwa na isiyopimwa haifiki mara mbili ya gharama hiyo, iache. Ukitarajia 8.0 ikarudi 6.5, pesa yote imekwenda.

#20 FundiJalada
Kwenye marekebisho niongeze vipimo vitatu. Wino wa kalamu uliopakwa kuficha mikwaruzo: fungua jalada utazame upande wa ndani na tochi, wino hupenya. Kingo zilizokatwa ili zionekane kali: pima upana juu, katikati na chini, kisha linganisha na komiki nyingine ya kampuni ile ile ya mwezi ule ule. Usiamini kipimo kimoja cha jumla, upana ulibadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Gundi kwenye mgongo: inang'aa mwanga ukipita kwa ubavu.

Kunyoosha jalada kwa joto na mgandamizo ni tofauti, CGC hawachukulii kuwa ni marekebisho. Ila msijaribu na pasi ya nyumbani. Pasi inachemsha unyevu uliomo kwenye karatasi, wino unahamia ukurasa wa jirani, na jalada linajikunja likipoa.

#21 KijanaWaTandika
Wakuu, kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya simu, Action Comics namba 1 ya 1938, jalada la Superman kanyanyua gari, muuzaji yupo Mbagala, anataka milioni mbili. Inawezekana?

#22 MzeeMagazeti
Kijana, muombe kitu kimoja tu: picha ya gazeti likiwa na rula pembeni. Mwaka 1974 kampuni yenyewe ya DC ilichapa upya toleo hilo kwa umbo kubwa, takriban sentimita 25 kwa 34. Lilikuwa na jalada la nje la kadi gumu linalosema wazi kuwa ni chapa mpya, na ndani kila kitu kilifanana na la 1938, pamoja na jalada la ndani. Watu huchana kadi ya nje na kuuza kilichobaki. La asili lina upana wa kama sentimita 20 na urefu wa 27 hivi. Rula inamaliza mazungumzo.

Siku hizi zipo pia chapa mpya za kampuni za Marvel na DC zenyewe, zenye matangazo na bei ya zamani. Mwaka halisi soma kwenye maandishi madogo ya uchapaji, usisome jaladani.

Na Kabati, albamu zako za Tintin zina mtego wake. Mwaka wa hakimiliki ulioandikwa ndani ni wa toleo la kwanza na unarudiwa kwenye machapisho ya baadaye. Geuza nyuma usome orodha ya albamu. Tafuta iliyotoka mwisho kabisa kwenye orodha hiyo. Nakala yako haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka wa albamu hiyo.

#23 KabatiLaKale
Nimegeuza. Moja ina 1947 ndani, lakini nyuma imetajwa ile ya Picaros.

#24 MzeeMagazeti
Ya Picaros ilitoka 1976. Basi nakala yako ni ya 1976 au baadaye. Ni kitabu kizuri cha kusoma, kiuze kama kitabu cha kusoma.

#25 BintMagomeni
Naomba kurudi kwenye swali la mwanzo, kwa sababu naona sababu moja haijaguswa. Bei inategemea pia kabati la mnunuzi. Mwenye namba mfululizo akiwa amepungukiwa moja, hiyo moja kwake ina thamani kubwa kuliko kwa mwingine yeyote mjini. Huenda mtu wa Tegeta amewahi kukutana na mmoja wa namna hiyo, akalipwa 60,000, sasa anadhani ndiyo bei. Mnunuzi wa pili hayupo.

Kwa hiyo mkuu Kabati, usivunje mfululizo. Ukiwa na namba sita zinazofuatana, ziuze pamoja. Na anayetafuta namba ya mwisho asitangaze kwamba ni ya mwisho.

#26 MwalimuWaKurasa
Mmesahau karanga. Magazeti haya yalichapwa kwa wingi na kusomwa hadi kuchanika, kisha yakaishia kufungia karanga, vitumbua na sabuni za kipande. Ndiyo sababu ya uhaba. Mnalinganisha na komiki za Marekani, ambako watu walianza kuhifadhi kwa makusudi na mwongozo wa bei wa Overstreet ukatoka 1970. Kitu kilichohifadhiwa na wengi kinabaki kingi hata kikiwa cha zamani. Ya kwetu hayakuhifadhiwa. Kwa mantiki hiyo 60,000 ya Tegeta ni ndogo.

#27 DalaliWaKurasa
Mwalimu, uhaba bila mtafutaji si thamani. Risiti za maji za 1983 nazo ni adimu.

#28 MwalimuWaKurasa
Watafutaji wapo. Waliosoma Ndumilakuwili wakiwa shule ya msingi leo wana mishahara na nyumba. Wasubiri wastaafu uone.

#29 MzaniWaKaratasi
Au wakistaafu waanze kuuza, tupate nakala nyingi sokoni mara moja. Hiyo nayo imeonekana kwa bidhaa nyingi za kumbukumbu za utotoni. Kizazi kinachokumbuka kikipungua, bei hushuka.

#30 Kurasa36
Kabla ya mtu kuandika "toleo la kwanza" au "nadra", aulize majuzuu (magazeti yaliyojalidiwa pamoja) Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed, na chumba cha East Africana, cha maandishi ya Afrika Mashariki, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Lengo ni kujua namba zilikwendaje, lini magazeti yalibadilika umbo au bei ya jaladani. Bei ya jaladani inasaidia kukadiria mwaka wa nakala iliyopoteza tarehe, maana shilingi ya mwanzo wa miaka ya 80 na ya mwisho wake ni vitu viwili.

Vivyo hivyo kwa Abunuwasi, kitabu cha katuni cha mchoraji Gado. Ya 1996 ya wachapishaji Sasa Sema, Nairobi, na machapisho ya baadaye zinatofautishwa kwenye ukurasa wa hakimiliki.

#31 KijanaWaTandika
Samahani kwa kutoka nje kidogo. Za kuhifadhi mnaweka wapi? Nyumbani wameshauri nafthalini.

#32 FundiJalada
Nafthalini hapana. Harufu inaingia kwenye karatasi na haitoki, na mnunuzi mzoefu akiinusa anajua kulikuwa na wadudu, anashusha ofa. Tumia mfuko wa plastiki ya polipropilini au ya Mylar, kadi isiyo na asidi nyuma, nakala isimame wima kwenye boksi lililojaa kiasi, si kulazwa mia moja juu ya nyingine. Kadi ya manila ya steshenari ina asidi, inaacha kivuli cha hudhurungi ndani ya miaka michache. Boksi likae juu ya kichaga, mbali na ukuta wa nje, kwa sababu masika ukuta unatoa jasho. Pakiti za silika zikaushwe upya kila zinapobadilika rangi. Unyevu wa Dar mara nyingi unapita asilimia 70 na karatasi inataka kama 50. Hutafika 50 bila kiyoyozi, lakini 60 ni bora kuliko 80.

#33 MtaaWaSaba
Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku?

#34 FundiJalada
Marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea. Mylar ni plastiki nyembamba ya polyesta ya kufungia nyaraka.

#35 BintMagomeni
Na malipo jamani? Watu wanatumiwa picha ya nakala nyingine, wanatuma pesa, bodaboda analeta kitu tofauti.

#36 DalaliWaKurasa
Dada, picha nane kwa kila nakala inayozidi 20,000: jalada mbele, nyuma, mgongo, pini kwa karibu, karatasi ya katikati, ukurasa wa uchapaji, kasoro kubwa kuliko zote, na moja ikiwa na karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo kwa mkono. Mkutane mahali penye mwanga, mchana, mezani. Mnunuzi ahesabu kurasa kabla ya kufungua simu ya malipo. Kwa pesa ya simu, kubalianeni mapema nani anabeba ada ya kutolea, maana kwa nakala ya 8,000 ada hiyo inauma. Muuzaji asubiri ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, asisomewe kwenye simu ya mnunuzi.

#37 KabatiLaKale
Nimezipanga upya leo kwa njia ya Fundi. Ile Sani iliyotajiwa bei tatu: jalada lipo, mgongo una vimistari saba, viwili vimevunja rangi. Pini zote mbili zina kutu, ya chini imehamia kwenye karatasi. Fumbo limejazwa. Karatasi ya katikati imelegea pini ya juu, lakini ipo. Saini kwenye mchoro wa Lodi Lofa inasomeka.

#38 MzaniWaKaratasi
Kwa hali hiyo, mauzo mawili ya namba za jirani niliyonayo daftarini ni 9,000 na 12,000. Siwezi kusema zaidi kwa mawili.

#39 DalaliWaKurasa
Nalipa 10,000 leo ikiwa peke yake, 7,000 ikija na fungu.

#40 MwalimuWaKurasa
Kabati, usiuze. Saini inasomeka.

#41 BintMagomeni
Kabati, ni namba ya ngapi? Zipo namba za jirani yake humo ndani?

#42 KabatiLaKale
Zipo mbili kabla yake na moja baada yake. Nazihesabu kurasa usiku huu, nitaweka picha za pini kesho.